Kinanda hakijaua isukuti, sisi ndio tumekiacha na sauti za kiwandani

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mzee mmoja wa Shinyalu aliyeandika kulalamika kwamba vinanda vya umeme vimeua nyimbo zetu na isukuti, ngoma yetu ya asili. Alisema siku hizi akienda matangani Khayega, harusini Mbale au kanisani Luanda anakutana na muziki ule ule na ngoma zile zile za mashine, na kwamba hata wimbo wa kumsindikiza mwenye boma kaburini unapigiwa midundo ya disko. Mzee wangu, kwa hayo sikubishii hata kidogo. Mimi mwenyewe nimewahi kuketi hemani nikajua kitakachofuata kabla mpigaji hajagusa kitufe. Lakini umemkamata asiye mwizi.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni mama wa watoto wanne na ni mpiga kinanda. Nilijifunza nikiwa msichana kwa kile kinanda cha zamani cha misheni, cha kukanyaga kwa miguu ili kipate pumzi, na sasa napiga cha umeme kila Jumapili. Katikati ya wiki naitwa matangani na harusini, kuanzia Chavakali hadi Kisumu mjini. Wanawake wa kazi hii hatuko wengi, kwa hivyo watu wakinikuta nimeinama nikiunganisha nyaya huniuliza mpigaji atafika saa ngapi. Nimeshazoea. Huwa nawaambia yuko njiani.

Kinanda cha umeme kikitolewa kwenye katoni kina mamia ya sauti, na kila moja imeshapangwa na watu wasiotujua: iwe kubwa kiasi gani, iwe na mwangwi kiasi gani, ianze ghafla au polepole, ikate wapi. Ni sare ya shule iliyoshonwa kwa kukadiria, itamtosha kila mtoto na haitampendeza yeyote. Kazi ya mpigaji ni kukaa na sauti hizo, azichanganye, azipunguze, azirekebishe, kisha azihifadhi kwa jina lake mwenyewe. Wengi wetu hatufanyi hivyo. Tunabonyeza namba ya kwanza, piano, tunapiga miaka mitano, na muziki ukichacha tunasema mashine ni mbovu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Mzee atasema hata zikipangwa upya bado ni sauti za wageni. Hapo ana hoja, na nitamsaidia kuitetea. Kuna orodha ya sauti 128 ambayo kampuni za vinanda zilikubaliana mwaka 1991, iitwayo General MIDI, na karibu kila kinanda kinachouzwa bado kinaibeba ndani yake. Ukiifungua, namba 106 ni banjo, 107 ni shamisen ya Wajapani, 108 ni koto, ya Wajapani vilevile. Namba 110 ni zumari ya mfuko ya Waskoti. Kutoka Afrika utakuta kalimba kwenye 109, na kengele za agogo kwenye 114. Nyatiti, kinubi cha Waluo, hakuna. Litungu, kinubi cha Wabukusu, hakuna. Orutu, fidla ya Waluo ya uzi mmoja, hakuna. Lakini songa mbele hadi mwisho wa orodha: 125 ni simu inayolia, 126 helikopta, 127 watu wakipiga makofi, na 128 mlio wa bunduki. Yaani walikumbuka helikopta! Nimepiga kinanda katika mazishi mengi na sijaombwa helikopta hata siku moja.

Sasa, je, tukae tukilia kwamba hatukukumbukwa? Chombo chenyewe tangu mwanzo kilitengenezwa ili mpigaji ajipangie. Hammond wa Marekani alipotoa kinanda chake cha umeme mwaka 1935, akilenga pia makanisa yasiyoweza kununua kile kikubwa cha mabomba, hakumpa mpigaji sauti moja iliyofungwa. Alimpa vijiti vya kuvuta, tisa kwa kila seti, kila kimoja kina hatua kuanzia 0 hadi 8. Unavuta hiki kidogo, kile chote, kingine unakiacha ndani kabisa, na sauti inayotoka ni ya kwako. Vinanda vingi vya leo vyenye skrini vimeviweka vijiti hivyo humo humo kama picha, na nina hakika wapigaji wengi wa hapa Magharibi hawajawahi kufungua ukurasa huo.

Hebu nieleze ninavyopanga wimbo wa kitabu, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapoharibikia wengi.

Vijiti vile vina namba za futi, urithi kutoka urefu wa mabomba ya vinanda vya kale. Futi 8 hutoa noti ile ile uliyobonyeza. Futi 16 hutoa ile ya oktava moja chini, futi 4 ya oktava moja juu, futi 2 ya oktava mbili juu, na mwisho kuna futi 1, kajisauti kembamba ka juu kabisa. Kanisa letu lina paa la mabati bila dari na sakafu ya saruji. Sauti nyembamba zikipigwa humo hurushwa kutoka ukuta hadi ukuta hadi masikio yanauma. Kwa hivyo futi 1 na ile ya futi 1 na theluthi nazisukuma ndani kabisa, sitaki kuzisikia. Futi 8 naivuta yote, hiyo ndiyo inayobeba wimbo. Futi 4 naivuta zaidi ya nusu, kwa sababu waumini wakiimba kwa nguvu huifunika futi 8, na ile ya juu yake ndiyo huwaonyesha njia wanapokaribia kupotea. Futi 2 naiweka kidogo tu. Futi 16 ni kidogo pia, maana ukiizidisha, besi za akina baba zinamezwa na wao wenyewe wanaacha kuimba. Nimewaona wakiacha. Mtu asipojisikia anafunga kitabu.

Juu ya hiyo naongeza sauti ya pili ya nyuzi, zile fidla nyingi za pamoja, nikiishusha oktava moja na kuipunguza hadi usiweze kusema ipo, ila ukiizima unagundua kuna kitu kimeondoka. Halafu nazima mgawanyo.

Huo mgawanyo ndio ugonjwa mkubwa. Vinanda vingi vya Yamaha hutoka kiwandani vikiwa na mpaka kwenye F shapu iliyo chini tu ya C ya katikati. Kushoto kwa mpaka ni sauti moja, kulia ni nyingine. Ukipiga pambio na rithimu ya mashine, mpaka huo unafaa. Lakini wimbo wa kitabu umeandikwa kwa sauti nne, na teno, sauti ya juu ya wanaume, inatembea hapo hapo mpakani, inapanda na kushuka. Matokeo yake teno inaanza ikiwa kinanda cha kanisa, ikishuka noti mbili inageuka gitaa la besi, ikipanda inarudi kinanda. Waimbaji wa teno wanageuka kuangaliana. Mpigaji anadhani kwaya haijafanya mazoezi ya kutosha! Kuzima mgawanyo ni kubonyeza kitufe kimoja tu. Ukiuhitaji kwa pambio, na hamna mpiga besi, usogeze chini hadi mahali ambapo mkono wa kulia hautaufikia.

Baada ya kupanga hivyo, nahifadhi. Vinanda vya Yamaha vya daraja la kati vina vitufe vinane vya kumbukumbu kwa kila benki, yaani kila kundi la kumbukumbu, na vile vidogo kama PSR-E463 vina vitufe vinne kwa benki nane, yaani mipangilio 32, ambayo inamtosha mpigaji wa kanisa na akabakiwa na nafasi. Kitufe kimoja hushika kila kitu kwa pamoja: sauti zipi zimewashwa, ukubwa wake, mwangwi, mgawanyo, rithimu, mwendo. Kwangu kitufe cha kwanza ni wimbo wa kitabu. Cha pili ni sauti hiyo hiyo bila nyuzi na ikiwa ya chini, kwa wakati wa maombi, mchungaji anapoongea juu ya muziki. Cha tatu ni piano. Kuanzia cha nne ni mapambio, na cha mwisho ni mambo ya nyumbani ambayo nitayafikia. Pedali moja nimeifunga kazi ya kusogeza kutoka kitufe kimoja hadi kingine, ili mikono isitoke kwenye wimbo.

Kuna mtego hapa, na nimeuona ukimwangusha kijana mzuri mbele ya kanisa lililojaa. Kina mama wetu huanzisha wimbo kwa ufunguo wanaoutaka wao. Hawakuulizi. Kijana akautafuta kimyakimya, akakuta wameanzia noti mbili chini ya alivyozoea, akashusha ufunguo wa kinanda kwa kitufe chake, mambo yakawa matamu. Walipofika kwenye kiitikio akabonyeza kumbukumbu ya pili ili sauti ipande, na ufunguo nao ukaruka kurudi pale ulipokuwa siku alipohifadhi. Kanisa zima likasambaratika kama dakika moja hivi. Kilichotakiwa ni kitu kidogo: wakati wa kuhifadhi, skrini huonyesha orodha ya vitu vinavyoingia kwenye kumbukumbu, kila kimoja na kisanduku chake. Toa alama kwenye kile cha kubadili ufunguo. Na kama ulishahifadhi ukasahau, kuna kitufe cha kugandisha, ambacho huzuia vitu utakavyochagua visibadilike hata ukirukaruka kati ya kumbukumbu. Mimi hugandisha ufunguo na mwendo kabla ya ibada kuanza.

Nirudi kwenye mwangwi, maana mzee alisema muziki wa siku hizi ni kelele tupu. Sauti nyingi za kiwandani zimetiwa mwangwi wa kutosha ili mnunuzi akizijaribu dukani kwa spika ndogo avutiwe. Ukizipeleka chini ya mabati ambayo tayari yana mwangwi wake, unapata mwangwi juu ya mwangwi, na maneno ya wimbo yanazama. Kinanda changu kinapima mwangwi kuanzia 0 hadi 127. Asubuhi kanisa likiwa tupu nauweka karibu na sifuri. Watu wakijaa, miili na nguo zao zinanyonya sauti, nauongeza kidogo. Matangani, nje kabisa, hemani, hakuna ukuta wa kurudisha chochote, na hapo ndipo nauongeza hadi sauti ipate kukaa. Kwa hiyo nina benki mbili, ya ndani na ya nje. Anayepiga kwa mpangilio mmoja kotekote anawatesa watu mahali pamoja kati ya hapo pawili.

Na kabla hujagusa mpangilio wowote, tazama waya. Nilialikwa kanisa moja viungani mwa Kisumu ambako walikuwa wanataka kuuza kinanda chao kwa sababu piano yake ilikuwa imekonda, noti nyingine zinasikika na nyingine hazisikiki vizuri. Walikuwa na waya mmoja, nao ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la kulia. Sauti ya piano kwenye kinanda imerekodiwa pande mbili, kwa hivyo walikuwa wanasikia nusu ya kila kitu. Nikauhamishia kwenye tundu la kushoto, lile lililoandikwa L/L+R, ambalo ukitumia waya mmoja huunganisha pande zote mbili. Mzee wa kanisa akaniuliza namdai nini. Nilikunywa chai yao nikaenda zangu.

Sasa isukuti. Mzee ni wa Shinyalu, kwa hivyo najua hili ndilo linalomkera hasa, na haki anayo. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, pamoja na pembe ya swara na njuga za chuma. Mpigaji wa kinanda anapobonyeza rithimu iliyoandikwa kwa ajili ya dansi ya Ulaya na kusema hiyo ndiyo isukuti yenu, anatukosea sote.

Lakini mwenye kinanda kinachokubali sauti za kuongezewa anaweza kufanya tofauti, na mimi nimefanya. Niliwaendea wapigaji wazee kule Idakho nikawaomba wanipigie kila ngoma peke yake, uwanjani, mbali na kuta, nami nikarekodi. Pigo la kiganja katikati ya ngozi. Pigo la vidole ukingoni. Pigo lililobanwa, mkono ukibaki juu ya ngozi. Kila moja kwa nguvu, kisha polepole. Nikakatakata vipande hivyo kwenye kompyuta ya mwanangu, nikavipakia kwa programu ya Yamaha Expansion Manager, ambayo kampuni yenyewe huitoa bila malipo kwa vinanda vinavyoikubali, kila pigo likapewa kibao chake.

Kitu kimoja nilichogundua wakati huo nataka vijana wakisikie. Mashine ikirudia pigo lile lile moja mara mia, sikio linaikataa hata kama mwenye sikio hajui kwa nini. Mpigaji wa kweli hapigi mara mbili sawasawa. Kwa hivyo pigo la kati la ngoma kubwa nilirekodi mara kadhaa, nikayaweka mapigo hayo kwenye vibao vinavyofuatana, na vidole vyangu vinapokezana juu yake. Naipiga kwa mkono, siwashi mashine ijizungushe. Mkono unachoka, ndiyo. Hata wapigaji wa isukuti huchoka.

Na pale wapigaji wenyewe wakiwepo nazima kabisa sauti hiyo. Kuipiga mbele yao ni utovu wa adabu.

Nyatiti ilinisumbua zaidi, na bado sijaridhika nayo. Nilianza na banjo ya namba 106, nikaikata mkia ili isidumu, nikaichanganya na gitaa la nyuzi za nailoni. Ilikaribia lakini ilikuwa nadhifu mno. Nyatiti ina nyuzi nane na mpigaji anapozigusa, mguu wake nao unapiga, pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu inagonga mti wa ala na njuga zinalia. Bila huo mgongano hupati kitu. Nikaongeza pigo la chuma, la chini sana. Bado kulikuwa na kasoro, hadi mzee mmoja wa Nyahera alipokaa nami akatega nyuzi zake kando ya kinanda tukalinganisha. Noti zake kadhaa hazikai kwenye vibao vyangu. Ziko kati kati. Kinanda kimegawa oktava kwa hatua kumi na mbili zilizo sawa kabisa, senti 100 kila moja (senti hapa ni kipimo cha urefu wa hatua ya sauti, si pesa), na nyatiti ya mzee haina habari na hesabu hiyo.

Hapo ndipo ukurasa wa kurekebisha skeli unapokuja. Vinanda vya kati vinakuruhusu kushusha au kupandisha kila noti kwa senti chache bila kugusa nyingine. Tulishusha moja, tukapandisha nyingine kidogo, mzee akisikiliza akiwa amefumba macho na kukataa, kukataa, kukataa, mpaka akanyamaza. Mpangilio huo umo kwenye kitufe cha mwisho cha benki yangu ya nje. Siupigi pamoja na gitaa, maana watagombana. Orutu ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani: sauti ya fidla moja, uiambie ipige noti moja tu kwa wakati, na uwashe ile kazi ya kuteleza kutoka noti hadi noti.

Tukubali pia kwamba wapigaji wa ohangla, muziki wa dansi wa Waluo, wale tunaowasema vibaya kanisani, walitutangulia katika mambo haya. Nendeni Kondele, Kisumu, usiku mkasikilize jinsi kinanda kinavyolia kama orutu na kodiani kwa zamu, na kila bendi ina mlio wake. Wanajua kwamba mlio wako ndio unaokuletea kazi. Sisi wa kwaya tunanunua flashi za rithimu mjini, zilizonakiliwa kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mtu, na ndiyo maana Mzee wa Shinyalu anasikia sebene moja kutoka Migori hadi Malaba. Sisemi mtu asinunue flashi. Lakini ukiipata, fungua rithimu ndani. Kwenye Yamaha utakuta njia nane: mbili za ngoma, moja ya besi, mbili za kusindikiza, moja ya kujaza nyuma na mbili za madoido. Zima madoido yote. Badilisha besi. Punguza mwendo. Acha ngoma peke yake uisikie kama inaweza kwenda na wimbo wenu. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo, na ni afadhali.

Kwa kamati za makanisa nina ombi. Mnanunua kinanda kwa mchango wa waumini, mnakifungia ofisini kuanzia Jumapili mchana, ufunguo anakaa nao mtu asiyepatikana, kisha mnamtaka mpigaji afanye maajabu. Mpangilio mmoja mzuri unakula jioni nzima, na lazima ufanyiwe ndani ya kanisa lenyewe, kwa spika zenyewe, si nyumbani kwa spika za masikioni. Mpeni mpigaji siku moja ya juma na chombo chake. Stima mtailipa kidogo tu. Na mgeni wa mkutano wa injili akija na flashi yake, msimruhusu apakie benki yake kabla mpigaji wenu hajahifadhi ya kwake kama faili, maana ya mgeni ikiingia juu ya isiyohifadhiwa, ya kwenu imekwenda. Hilo limenipata kwa mgeni mmoja mwenye suti nzuri sana. Nilikuwa na nakala kwenye flashi mbili, kwa hivyo tulibaki marafiki.

Kwa kaunti za huku kwetu, na kwa Chuo Kikuu cha Maseno ambako muziki unafundishwa: rekodini ngoma na nyuzi hizi vizuri, kwa vinasa sauti vinavyostahili kuliko simu yangu, kisha mtupe wapigaji tuzipakie. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya. Na wazee walipwe. Nasisitiza hapa kwa sababu nimesikia watu wakirekodi mzee kwa soda moja. Mkono mtupu haulambwi. Mimi niliwalipa wale wa Idakho kutoka kwa malipo yangu ya matangani, na kila nikiitwa mahali kwa sababu ya sauti ile ya isukuti kuna fungu linaenda kwao. Mzee wa Nyahera alikataa pesa akataka nyuzi mpya, nikamletea.

Najua baada ya barua hii wapigaji wataniomba faili zangu. Nitawapa kwa moyo mweupe, ila mjue kwamba faili za benki za Yamaha hazisomeki kwenye Korg, na za Korg hazisomeki kwenye Yamaha, na hata ndani ya kampuni moja kinanda cha mfululizo tofauti huenda kikazikataa. Rekodi za ngoma ni faili za sauti za kawaida, hizo zitafunguka kwa kila mtu mwenye kompyuta, nanyi mtazipakia wenyewe. Yaliyobaki, yaani vijiti, mwangwi, mgawanyo na senti za nyatiti, nimeyaandika kwa kalamu kwenye daftari la mistari, ukurasa kwa kila kitufe. Anayeyataka aje ayanakili, na aje na daftari lake.

Mama Kinanda,
Khayega, Kaunti ya Kakamega